Oksijeni inaishia wapi? Shajara ya mradi wa vimeng'enya, Tukuyu

Hii ni shajara ya klabu ya sayansi ya kidato cha tano, wanafunzi wa tahasusi za sayansi za PCB na CBG, katika shule moja ya sekondari hapa Rungwe, mkoani Mbeya. Naiandika kwa ajili ya walimu wenzangu ambao maabara zao, kama yetu, zina meza nyingi kuliko vifaa. Swali letu ni moja: kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kikishaishika molekuli ya oksijeni, zile atomu mbili zinaishia wapi? Kwenye maji? Kwenye haidrojeni peroksaidi? Au zinaingia ndani ya kitu chenyewe kinachotengenezwa? Hatua zilizokwenda sawa nimezipitia haraka. Zilizokwama nimezieleza kwa urefu, kwa kuwa huko ndiko muda na fedha vilikoishia.

6 Julai 2024: Mpango na manunuzi

Kabla ya kununua chochote tulitumia kipindi kizima kwa jambo ambalo vitabu vyetu hulipita juu juu: oksijeni ni nzito kuanza kazi. Hewa ina asilimia 21 ya oksijeni, na bado unga uliomo gunia, mafuta yaliyomo chupani na miili yetu haviwaki vyenyewe. Molekuli ya oksijeni ina elektroni mbili zisizo na wenza, zote zikizunguka kwa mwelekeo mmoja. Molekuli nyingi za viumbe hai zina elektroni zilizokwishapangwa mbilimbili, kila jozi ikizunguka kwa mielekeo inayopingana. Oksijeni haiwezi kupokea jozi ya namna hiyo kwa mkupuo. Inabidi ipokee elektroni moja moja, na ile ya kwanza ndiyo ngumu. Kwa hiyo vimeng'enya vingi vinavyotumia oksijeni utavikuta vimebeba shaba, chuma au flavini, ile inayotokana na vitamini B2. Hivyo vyote vinamudu kutoa elektroni moja kwa wakati.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Sasa Mwalimu, kama ni ngumu hivyo, kwa nini ndizi ikimenywa inakuwa nyeusi bila mtu kuipasha moto?" Hapo ndipo mradi ulipoanzia.

Manunuzi ya mwanzo: mabomba ya sindano ya mililita 20, dazeni moja, TSh 6,000. Viazi mviringo, ndimu na matango, TSh 6,500. Mkaa, TSh 5,000. Kikwaruzio cha karoti na kinu tuliazima jikoni.

20 Julai 2024: Viazi. Vikombe vyakwama, bomba la sindano lafaulu

Kimeng'enya tulichoanza nacho ni polifenoli oksidesi, chenye atomu mbili za shaba zilizokaa ana kwa ana na oksijeni ikibanwa katikati yake. Ndani ya kiazi kizima hakifanyi kazi ya kuonekana, kwa kuwa chenyewe kiko ndani ya plastidi, na fenoli, zile kemikali kinazozibadilisha, ziko kwenye vakuoli, chumba kingine cha seli. Kisu kinapopita, kuta zinavunjika na viwili hivyo vinakutana.

Mpango wa kwanza ulikuwa rahisi. Kikombe kimoja cha kiazi kilichokwaruzwa kiachwe wazi, cha pili kifunikwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa ili yasiwe na oksijeni. Tulitarajia cha pili kibaki cheupe. Hakikubaki. Kiligeuka taratibu zaidi, lakini kiligeuka, na darasa zima likabaki linanitazama mimi.

Tulipochunguza tukakuta oksijeni ilikuwa inapita milango mitatu. Kiazi kilikwaruzwa hewani, kwa hiyo kiliingia majini kikiwa kimeshapata ya kuanzia. Maji yalimiminwa kutoka juu, na kule kumimina kwenyewe kunairudisha oksijeni iliyotolewa kwa kuchemsha. Na kikombe kilikuwa wazi. Tukajaribu kumwaga mafuta ya alizeti juu ya maji kama kifuniko, na hali ikawa bora kidogo tu. Mafuta hupunguza mwendo wa oksijeni lakini hayaizuii, kwani yenyewe inayeyuka vizuri ndani ya mafuta.

Ufumbuzi ulikuwa bomba la sindano. Kwaruza kiazi haraka, kamua kwenye kitambaa, vuta mililita 10 za maji yake, geuza ncha juu, sukuma hewa yote itoke, kisha choma ncha ndani ya kifutio cha mpira. Maji ya kiazi yanaanza kuwa na rangi ya waridi iliyofifia, halafu yanasimama hapo hapo. Rangi hiyo ya waridi ni dopakromu, hatua ya njiani kati ya tairosini na melanini nyeusi. Kwenye kikombe huioni, maana inapitwa haraka. Kwenye bomba inabaki kwa sababu oksijeni imekwisha njiani.

Sasa chomoa kifutio, vuta mililita 10 za hewa, ziba tena na utikise. Waridi inakuwa kahawia, kahawia inakuwa kama chai ya mkandaa, na mwisho kunakuwa na weusi. Hesabu yake tuliifanya ubaoni. Maji ya nyuzi 25 yaliyokaa hewani hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, usawa wa bahari, na huku mlimani yanabeba pungufu. Mililita 20 za hewa zina oksijeni zaidi ya mara 30 ya ile iliyoyeyuka katika mililita 20 za maji. Kimeng'enya kilikuwepo, fenoli zilikuwepo, kilichopungua ni oksijeni tu.

Angalizo kwa atakayerudia: usiyaache mabomba mpaka kesho yake. Plastiki nayo hupitisha oksijeni kidogo kidogo, na asubuhi tulikuta pete nyeusi karibu na ncha na mstari mweusi kando ya mpira wa kisukumio. Picha za majibu zipigwe siku hiyo hiyo.

3 Agosti 2024: Ndimu, na kwa nini rangi inaweza kudanganya

Kila mtu anajua ndimu huzuia parachichi lisiwe jeusi. Swali la klabu lilikuwa: inazuia nini? Nusu ya darasa ilisema inaua kimeng'enya. Ndimu kwa kweli ina vitu viwili, asidi na vitamini C, na ukitumia ndimu nzima huwezi kujua ni kipi kimefanya kazi. Tukavitenganisha: siki kwa upande wa asidi, vidonge kwa upande wa vitamini C.

Vidonge vya kwanza, TSh 1,500, vilikuwa vile vya kutafuna vyenye rangi ya chungwa. Havifai kabisa, maana vinapaka rangi maji unayotaka kuyapima rangi. Duka la pili walikuwa na vyeupe, TSh 1,500 nyingine. Lakini navyo vina uchachu, na uchachu peke yake hupunguza kasi ya kimeng'enya. Tukatia chembe za bekingi soda ili kuutuliza.

Jibu la kwanza lililopendeza lilipatikana kwa vikombe tu. Kimoja bila kidonge, kingine robo, kingine nusu, kingine kizima, vyote vikiwa vimeshatulizwa kwa bekingi soda. Kikombe bila kidonge kilianza kugeuka pale pale. Chenye robo kilikaa cheupe kwa muda, kisha ghafla kikaanza kugeuka kwa kasi ileile kama cha kwanza. Chenye nusu kilichelewa zaidi, halafu nacho kikafuata. Kama vitamini C ingekuwa imeua kimeng'enya, kugeuka kusingerudi. Kinachotokea ni kwamba kimeng'enya kinageuza fenoli kuwa kwinoni, na vitamini C inairudisha kwinoni kuwa fenoli kabla haijapata nafasi ya kujiunga na wenzake na kutoa rangi. Vitamini C ikiisha, rangi inaanza.

Kutokana na hapo likaja dai zito zaidi: wakati wote huo kikombe kikiwa cheupe, oksijeni ilikuwa inaliwa. Namna ya kulithibitisha ilitusumbua kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu.

Tulianza na methilini bluu, dawa ya bluu ambayo hupoteza rangi ikinyimwa oksijeni penye kitu cha kuipa elektroni. Ilipoteza rangi vizuri sana. Ilipoteza rangi hata kwenye bomba lisilo na kiazi kabisa, kwa sababu vitamini C yenyewe inaipa elektroni. Kipimo kinachosema ndiyo kwa kila swali hakina maana, tukakiweka kando.

Tukahamia kwenye ujazo wa hewa. Bomba lenye mililita 10 za maji ya kiazi yenye vitamini C na mililita 10 za hewa, ncha imezibwa, tunatikisa na kuangalia kama kisukumio kinaingia ndani. Badala ya kuingia, kilitoka nje! Mkosaji alikuwa bekingi soda, ambayo ilikuwa bado inatoa kabonidioksaidi ndani ya bomba. Marekebisho: tuliza kidonge kwenye kikombe wazi, subiri povu liishe, koroga, subiri tena, ndipo uvute. Kikwazo kilichofuata kilikuwa msuguano, kisukumio kikavu kinang'ang'ania palepale. Tone la mafuta kwenye mpira wake lilitatua.

Baada ya marekebisho hayo kisukumio kiliingia karibu mililita 1, na maji yalikuwa bado hayana rangi. Bomba la kulinganishia, lenye maji ya kiazi yaliyochemshwa, lilisogea kidogo mno. Kwa hiyo kule kubaki cheupe hakukuwa dalili ya kimeng'enya kusimama. Kilikuwa kazini, na oksijeni ilikuwa inageuzwa kuwa maji bila kuacha alama.

Halafu tukajaribu tango, na hili ndilo ningemshauri mwalimu aanze nalo. Tango lina kimeng'enya kiitwacho askobeti oksidesi, kinachochukua elektroni kutoka kwenye vitamini C moja kwa moja bila kupitia fenoli. Kisukumio kinaingia haraka zaidi. Kimeng'enya hicho kina atomu nne za shaba zinazofanya kazi pamoja na kuipa oksijeni elektroni nne, hivyo atomu zote mbili zinatoka zikiwa maji. Ni wa ukoo mmoja na lakesi ya utomvu wa mti wa laka, ambayo Hikorokuro Yoshida wa Japani aliieleza mwaka 1883 alipotafuta sababu ya utomvu ule kukauka na kuwa mgumu ukipata hewa.

(Kwa anayependa kachumbari: ndiyo, tango lililokatwakatwa linaila vitamini C ya nyanya iliyo nayo bakulini. Siki na ndimu hupunguza kasi hiyo.)

17 Agosti 2024: Chai

Huku kwetu huwezi kuzungumzia oksijeni ukaiacha chai. Majani mabichi, yale mawili na kichipukizi, tulipewa bure na mama mmoja mkulima. Nilimwamkia, nikamweleza tunachotaka, akacheka.

"Mwalimu, hiyo oksijeni yenu sisi tunaijua. Ukishindilia majani kwenye gunia, gari likichelewa unakuta katikati yamekuwa mekundu na yamepata joto. Kituoni wanayakataa."

Ni polifenoli oksidesi ileile ya kiazi, ila hapa inakuta katekini, fenoli za chai. Kwinoni zinazotokea zinaungana zenyewe mbilimbili kuwa theaflavini, zinazoipa chai wekundu unaong'aa na ule ukali wa ulimini, na nyingine zinakuwa thearubijini zilizo nzito na za kahawia. Viwandani wanaita hatua hii kuchachua, ingawa hakuna hamira wala bakteria anayehusika. Chai ya kijani ni majani yaleyale yaliyopashwa moto mapema ili kimeng'enya kife kabla hakijaanza.

Tulinyausha majani usiku kucha, tukatwanga kwenye kinu, tukatandaza kwenye sinia. Sehemu moja tuliipitisha kwenye mvuke kwanza, na hiyo ilibaki kijani kama ilivyotakiwa. Nyingine haikwenda. Agosti Tukuyu ni baridi, na saa mbili baadaye majani yalikuwa bado ya kijani chafu. Tukalisogeza sinia karibu na jiko la mkaa. Majani yakakauka, na kimeng'enya bila unyevu hakiendi popote.

Kilichofaa: kitambaa kibichi kilichokamuliwa juu ya sinia, sinia juu ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, na tabaka la majani lisizidi unene wa kidole. Kwa mpangilio huo rangi ya shaba ilikuja ndani ya saa moja na kitu. Fungu nene tuliloliacha kusudi pembeni lilikuwa na picha nzuri kuliko zote. Ulipolikata katikati kwa kijiko, juu palikuwa na rangi ya shaba, chini yake kijani-manjano, na harufu zilikuwa mbili tofauti: juu kama tufaha lililoiva, chini kama nyasi zilizokatwa. Oksijeni ilikuwa haijafika chini. Ndiyo maana viwandani hupuliza hewa yenye unyevu kupitia katikati ya majani.

Gharama: mkaa tu, na kitambaa kimoja ambacho hakitarudi kuwa cheupe.

31 Agosti 2024: Stripu za mkojo. Oksijeni inapoishia kwenye peroksaidi

Vimeng'enya vya shaba hapo juu huipa oksijeni elektroni nne na kuifikisha kwenye maji. Glukosi oksidesi huishia njiani. Kimebeba flavini, kinachukua elektroni mbili kutoka kwenye glukosi na kuipa oksijeni, ikawa haidrojeni peroksaidi. Detlev Müller alikieleza mwaka 1928 kutoka kwenye kuvu Aspergillus niger. Leo kiko kwenye kila duka la dawa, ndani ya kile kijisehemu cha glukosi kwenye stripu ya kupimia mkojo. Kimeng'enya cha kwanza kinatengeneza peroksaidi, na cha pili, peroksidesi, kinaitumia hiyo peroksaidi kubadili rangi.

Kopo la kwanza la stripu, TSh 18,000, lilipotea lote. Lilibaki na kifuniko kilicholegea mwisho wa wiki yenye ukungu na manyunyu, unyevu ukaingia, na stripu zikawa na rangi kabla ya kuchovywa popote. Kopo la pili, TSh 18,000 tena, linakaa ndani ya ndoo yenye kifuniko pamoja na mchele mkavu, na stripu inatolewa moja moja kwa mkono mkavu.

Majaribio yenyewe ni mepesi. Maji matupu, hakuna rangi. Glukosi ya dukani iliyoyeyushwa, rangi inakuja ndani ya nusu dakika. Sukari ya chai iliyoyeyushwa, karibu hakuna kitu, kwa sababu kimeng'enya hiki kinaijua glukosi pekee na hakigusi sukrosi. Lililowashangaza wanafunzi ni mchanganyiko wa glukosi na kidonge cheupe cha vitamini C: rangi ilififia karibu kutoweka wakati glukosi imo tele. Vitamini C inaivuruga kazi ya peroksaidi kabla rangi haijatokea. Wanaopima mkojo hospitalini wanalijua tatizo hili, maana mgonjwa anayemeza vitamini C nyingi anaweza kuonekana hana sukari kumbe anayo.

Tulitaka pia kuonyesha kwamba stripu haifanyi kazi pasipo oksijeni. Tuliifungia ndani ya bomba lenye glukosi bila hewa, na rangi ikaja hata hivyo, hafifu kidogo. Kijisehemu kile ni cha karatasi kavu, kinaingia na hewa yake. Jaribio hili tumeliacha. Sioni njia ya kulifanya kwa vifaa vyetu likaleta jibu la kuaminika.

Asali, nusu lita kwa TSh 7,000, ilikuwa ya kusimulia zaidi kuliko kupima. Nyuki huitia glukosi oksidesi kutoka kwenye tezi za kichwani. Katika asali nzito kimeng'enya kinalala, ukiizimua kwa maji kinaamka na kutoa peroksaidi kidogo kidogo, na hiyo ni sehemu ya sababu asali huzuia bakteria kwenye kidonda. Kuichovya stripu hakuonyeshi lolote jipya, maana asali ina glukosi yake yenyewe.

Tukamalizia na haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda, TSh 2,500, na kipande cha kiazi kibichi. Povu, kisha kijiti chenye kaa jekundu kinawaka upya mdomoni mwa chupa. Katalesi, kimeng'enya cha kiazi kinachovunja peroksaidi, inarudisha nusu ya oksijeni iliyotumika kutengeneza peroksaidi. Atakayepima ujazo wa hewa kwa kimeng'enya kinachotoa peroksaidi akumbuke hili, la sivyo hesabu yake itatoka pungufu kwa nusu na hataelewa kwa nini.

14 Septemba 2024: Hamira

Fupi. Maji ya uvuguvugu, sukari, hamira, matone machache ya methilini bluu, chupa ya soda ijazwe mpaka shingoni. Baada ya muda bluu inatoweka chini na inabaki pete nyembamba ya bluu juu kabisa, pale hewa inapogusa maji. Tikisa, bluu inarudi chupa nzima, kisha inapotea tena. Mara ya kwanza rangi ilitiwa nyingi mno na kipindi kikaisha chupa ikiwa bluu. Matone mawili au matatu yanatosha. Chupa ya dawa ilikuwa TSh 10,000, hamira TSh 1,000, na shati moja la shule limepata madoa ambayo sabuni haikuyatoa.

Onyo la kitaalamu: jaribio hili linaonyesha oksijeni imekwisha, halimuonyeshi aliyeila. Katika mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, kazi hiyo ni ya saitokromu oksidesi, chenye chuma na shaba pamoja, na ndicho kinachotumia sehemu kubwa mno ya oksijeni tunayovuta. Kinaipa elektroni nne, kinatoa maji, na hakiachii peroksaidi njiani. Mwanafunzi alipendekeza tukizuie kwa maji ya muhogo mchungu, kwa kuwa sianidi hukamata palepale oksijeni inapokaa. Wazo ni sahihi, na jibu langu lilikuwa hapana. Hatukamui sianidi na watoto wa watu.

21 Septemba 2024: Soya. Oksijeni inapoingia ndani ya mafuta

Mpaka hapa oksijeni ilikuwa inapokea elektroni na kuondoka. Kundi la pili la vimeng'enya huichukua oksijeni yenyewe na kuipandikiza. Lipoksijenesi ya soya ina chuma, na hupachika atomu zote mbili za oksijeni kwenye asidi ya linoleiki, moja ya asidi za mafuta. Kinachotokea kinavunjika kuwa vipande vidogo, kimojawapo heksanali, ile harufu ya maharage mabichi inayowafanya watu waichukie "maziwa ya soya" yaliyotengenezwa vibaya.

Soya kilo mbili, TSh 7,000. Fungu moja lilisagwa kwenye mashine ya mtaani likiwa kavu, na halikufaa. Lilitoka na harufu ya mahindi yaliyosagwa kabla yake, na unga wenyewe ukaanza kunuka maharage mara tu ulipoguswa na maji. Badala yake tuliloweka punje nzima, tukazigawa. Nusu zilitwangwa kwa maji baridi. Nusu ziliingizwa punje nzima kwenye maji yanayochemka, zikatwangwa zingali za moto kwa maji ya moto. Wanafunzi waliofungwa macho kwa vitambaa walinusa vikombe vilivyopangwa ovyo, na hakuna aliyesita.

Lazima joto litangulie kabla ya kuvunja punje. Ukizitwanga kwanza kwa maji baridi halafu ukachemsha, kimeng'enya kinakufa lakini harufu imeshatengenezwa. Wengi wanaouza maziwa ya soya wanachemsha sana na wanashangaa harufu haitoki. Na kuchemsha vizuri baadaye bado ni lazima kabla ya kunywa, maana soya mbichi ina vizuizi vya kimeng'enya cha kumeng'enya protini tumboni.

Tulijaribu pia kuonyesha kwamba lipoksijenesi hupausha rangi, kwa kuchanganya unga wa soya na mawese ya Kyela. Mafuta yalielea, unga ukazama, havikukutana. Hilo bado halijatoa jibu.

5 Oktoba 2024: Vifuniko vya soda na mwaka 1955

Tatizo lilikuwa linatukodolea macho tangu mwanzo. Tunasema oksijeni ya hewa imeingia kwenye mafuta, au imekuwa maji. Tunajuaje? Atomu ya oksijeni ikiwa ndani ya molekuli haina alama inayosema imetoka hewani au imetoka kwenye maji yaliyoizunguka.

Kwa miongo kadhaa wakubwa wa fani hii walidhani jibu wanalo. Heinrich Wieland alishikilia kwamba uoksidishaji ndani ya viumbe ni kuondoa haidrojeni tu, na oksijeni kazi yake ni kuipokea. Otto Warburg alisisitiza kwamba oksijeni ndiyo inayoamshwa, na kwa chuma. Hata hivyo haikutarajiwa kwamba oksijeni ya hewa ingepachikwa moja kwa moja ndani ya kitu. Mwaka 1955 makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yalitumia oksijeni-18, atomu ya oksijeni iliyo nzito kidogo na hivyo inayoweza kufuatiliwa, ambayo kwa kawaida ni takriban asilimia 0.2 tu ya oksijeni yote. Howard Mason alionyesha kwamba kimeng'enya cha uyoga, ndugu wa kile cha kiazi, hupachika atomu moja ya oksijeni ya hewa kwenye fenoli. Osamu Hayaishi alionyesha kwamba kimeng'enya cha bakteria kinachopasua pete ya katekoli, aina ya fenoli, hupachika zote mbili. Kinachopachika moja tukakiita monoksijenesi, kinachopachika mbili dioksijenesi.

Oksijeni-18 hatuna, wala kipimo cha spektra ya masi, mashine inayotenganisha atomu na molekuli kwa uzito. Tulikusanya vifuniko vya soda. Vyekundu vilikuwa oksijeni ya hewa, vyeupe oksijeni ya maji, na kila kundi la wanafunzi likaigiza kimeng'enya kimoja mezani. Sheria ni kwamba kila kifuniko chekundu lazima kionekane mwishoni. Ndipo ilipojulikana nani ameelewa. Waliopewa katekoli na kiazi walitoa maji mawili mekundu. Waliopewa stripu walitoa peroksaidi yenye vyekundu viwili vilivyoshikana. Soya, vyote viwili ndani ya mafuta.

Kundi la mwisho nililipa kazi ya ini: saitokromu P450, kimeng'enya chenye chuma, atomu moja ndani ya dawa na nyingine kwenye maji. Dawa tuliyoichagua ni atemetha, iliyomo kwenye mseto wa malaria. CYP3A4, aina mojawapo ya P450 za ini, huipachika atomu moja ya oksijeni kwenye kikundi chake cha methili (kaboni moja na haidrojeni tatu), na kikundi hicho kinabanduka. Wanafunzi walikwama, kwa sababu atomu nyekundu waliyoipachika ilionekana kutoweka: dihaidroatemisinini waliyobaki nayo haikuwa nayo. Ikabidi wakitafute kifuniko, wakakikuta kwenye formaldihaidi iliyobanduka. Walibishana mpaka kengele ikalia. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi kilichokwenda vizuri kuliko vyote, na hakikugharimu hata senti.

19 Oktoba 2024: Gharama na kinachobaki

Jumla mpaka leo ni TSh 87,000: mabomba 6,000, viazi, ndimu na matango 6,500, mkaa 5,000, vidonge vya vitamini C 3,000, stripu 36,000, glukosi 3,000, asali 7,000, peroksaidi 2,500, methilini bluu 10,000, hamira 1,000, soya 7,000. Bila kopo lililoharibika ingekuwa TSh 69,000. Anayebanwa na bajeti aiache asali, na methilini bluu aazime kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, maana chupa moja ni ya miaka. Mwenye fedha ya bomba na tango tu, bado ana somo zima.

Yaliyobaki ni mawili. Mawese na soya: tutajaribu kuyachanganya kwanza na sabuni kidogo ya mche ili mafuta yasielee, na bomba la pili liwe na soya iliyochemshwa, kwa sababu sabuni yenyewe inaweza kukiharibu kimeng'enya. La pili ni namba. Kisukumio cha bomba kinaonyesha mwelekeo, hakionyeshi kasi. Wataalamu wa ufugaji samaki wana kifaa cha kupima oksijeni iliyoyeyuka kwenye bwawa. Tumeandika barua kuomba kukiazima kwa siku moja, na matango yatakatwa siku hiyo hiyo kifaa kikifika.